Kelele mbele ya kamera: niliyowaambia waigizaji wa Tabora

(Haya niliyasema Jumamosi kwa vijana wa maigizo hapa Tabora mjini. Wengi mliniomba niyaandike mpate kuyasoma kwa nafasi, nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimetoa tu matangazo.)

Mwangaluka. Wazee wangu mliokuja kukaa na sisi shikamooni, na nyie wadogo zangu habari za asubuhi.

Niende moja kwa moja maana jua la Tabora mnalijua, ikifika saa sita humu ndani hapakaliki. Tangu mwezi uliopita kuna ubishi kwenye kundi letu na umeanza kuleta watu kununiana, sasa mimi sipendi. Ubishi wenyewe ni ile sini ya mama anayegundua mwanae kauza kiwanja cha familia kule Ng'ambo. Dada yetu mmoja kaicheza kwa nguvu zote, kalia, kajipiga kifua, kapiga mayowe mpaka majirani wakaja kuchungulia dirishani, nusu yenu mkapiga makofi mkasema huyu ndo mwigizaji, nusu nyingine mkasema hapana hiyo ni kuovaakti, mwigizaji wa kweli anatulia. Mkaniomba niamue.

Mimi naamua hivi, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjashangilia upande wowote. Kelele sio kosa na kelele sio sifa. Ninachoangalia ni kitu kimoja tu, hiyo kelele inamwendea nani. Mama akimpigia kelele mwanae, yule kijana aliyesimama pale mbele yake, ikamfikia, ikambadilisha uso, ikamfanya arudi nyuma hatua moja au amjibu mama yake jeuri, hiyo ni kuigiza na ni kuigiza kuzuri sana hata kama bati linatikisika. Akiipiga kwa ajili yangu mimi niliyekaa nyuma ya kamera, ili nijue kwamba ana uchungu na nimsifie, hapo ameshaachana na yule mwanae, amebaki peke yake, na mimi mtazamaji nalijua hilo hata kama siwezi kulielezea, ndo maana unaona watu wanachukua simu wanaanza kuchati katikati ya kilio.

Twendeni msibani kwanza, maana sini za misiba ndo tunaziharibu kuliko zote. Kwenye muvi zetu mke akipigiwa simu kwamba mume kafariki, simu inaanguka, anashika kichwa, hapana hapana hapana, anaenda chini. Kila muvi. Sasa nendeni kwenye msiba wa kweli, Isevya, Cheyo, popote, mkae kwenye mkeka muangalie kwa heshima. Kelele zipo, tena kubwa, asije mtu akawaambia maisha ya kweli ni ya kunong'ona. Shangazi anashuka kwenye bodaboda anaanza kulia tangu barabarani, anamwita marehemu kwa jina, anamuuliza mbona umeniacha, mbona uliniambia tutaonana Idi, nani sasa atanipigia simu asubuhi. Ile sauti ni kubwa kuliko ya mwigizaji yeyote humu ndani na hakuna hata mmoja pale msibani anayesema shangazi kazidisha. Kwa sababu anaongea na mtu! Ana swali lake na analitaka jibu, ameletwa na nauli ya kukopa kutoka Urambo kuja kulidai hilo jibu. Halafu muangalieni akishafika mlangoni, anakumbatiwa, analia kidogo tena, anapangusa uso kwa kanga, anauliza tunazika saa ngapi, hawa watoto wamekula? Na mjane mwenyewe kakaa pale hana hata chozi, anasema mpeni shangazi maji. Ukiwa umekaa pembeni, sauti ya shangazi na ule ukimya wa mjane vinakuumiza sawasawa, wala huwezi kusema kimoja ni cha kweli na kingine ni cha uongo.

Na watani je? Wazee wapo hapa wataniunga mkono. Mtani anaingia msibani kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai madeni ya marehemu kwa sauti ya marehemu, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe hela, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ule ni uigizaji mkubwa, wa wazi, wa kelele kabisa, na wazee wetu waliuweka mahali pazito kuliko pote. Lakini mtani mbaya na mtani mzuri wanajulikana. Mbaya anaigiza mzee yeyote tu, anainama mgongo anatetemesha sauti. Mzuri kamshika marehemu mwenyewe, alivyokuwa anavuta suruali magotini kabla ya kukaa, alivyokuwa anasafisha koo kabla ya kukunyima kitu, na wafiwa wanashtuka maana kwa sekunde moja mtu wao karudi. Wote wawili wamepaza sauti sawa. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa anamwangalia marehemu miaka yote ile na mwenzie hakuwa anamwangalia.

Sasa tuje kwenye filamu zenyewe, na nitaanza na mtu wa karibu. Lupita Nyong'o, Mkenya, mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave, ambayo ilitoka 2013. Anacheza mtumwa anaitwa Patsey kwenye shamba la pamba kule Marekani. Kuna sini bwana wake anamtuhumu, alikuwa wapi, kaenda kwa jirani kufanya nini. Na yeye anapaza sauti, analia, anatetemeka mwili mzima, ukiitazama bila kusikia utasema kumbe na yeye kazidisha. Lakini sikilizeni anachosema. Anaongelea sabuni. Anasema nimeenda kuomba kipande cha sabuni, hiki hapa mkononi, kwa sababu mke wako ananinyima na nanuka mpaka najichefua mwenyewe, na mimi ndo navuna pamba kuliko mwanaume yeyote shambani hapa, ninachoomba ni kuwa msafi tu. Sauti yote ile imebebwa na kipande cha sabuni. Hasemi nateseka, hasemi tazameni utumwa ulivyo mbaya, anabishana na mtu mmoja kuhusu kitu kimoja kidogo anachokitaka na anajua kabisa atapigwa kwa kukitaka. Mimi ile sini siwezi kuizoea. Ningekuwa na uwezo kila mwigizaji wa kike hapa angeangalia mikono yake tu, asiangalie uso, aone mkono unavyoionyesha ile sabuni kama ushahidi.

Kwahiyo wale mnaosema tuzo zinapewa watu watulivu, sio kweli, na wale mnaosema tuzo zinapewa wapiga kelele mna hoja kidogo. Al Pacino alipata Oscar yake mwaka 1993 kwa filamu ya Scent of a Woman, anacheza mwanajeshi mstaafu asiyeona, anafoka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na miaka 20 kabla yake, kwenye The Godfather ya 1972, alikuwa kimya ajabu na alitoka mikono mitupu. Watu mpaka leo wanalalamika kwamba walimpa tuzo kwa makelele. Mi nazipenda zote mbili na nawaambia kwanini. Yule mwanajeshi haoni, akiingia chumbani hajui nani yupo wala wanamwangaliaje, kwahiyo anakijaza chumba kwa sauti yake kabla wao hawajamuonea huruma. Ile sauti ina kazi. Tatizo ni wote waliokuja nyuma yake wakabeba ile sauti na kuacha ule upofu.

Na ile ya kimya, wana Tabora mtaipenda maana sisi ni watu wa reli. Kijana kakaa mgahawani na watu wawili ambao dakika chache zijazo atawapiga risasi, na hajawahi kuua mtu mtaani maisha yake yote. Hasemi kitu. Macho tu yanahama, kulia, kushoto, hayatulii. Na wakati huo huo unasikia treni inapita nje, mlio unakua, unakua, vyuma vinasaga mpaka unataka kuziba masikio. Kelele yote ya kile kichwa chake wamempa treni aibebe. Mwigizaji hakuhitaji kuipiga kwa sababu watu wa sauti waliipiga kwa niaba yake. Hapo mjue kwamba kupaza au kutulia sio uamuzi wa mwigizaji peke yake, ni dairekta, ni mtu wa sauti, ni edita, na nitarudi kwenye hilo.

Lakini anayenimalizia ubishi ni Mjapani. Toshiro Mifune, filamu inaitwa Seven Samurai, ya Akira Kurosawa, mwaka 1954, ni ndefu zaidi ya masaa matatu na ina rangi nyeusi na nyeupe, msiogope, itafuteni. Wakulima wananyang'anywa mavuno na majambazi, basi hao wakulima wanaenda kuajiri mashujaa wa upanga. Mifune ni mmoja wa wale saba na ni kelele tupu. Anaruka, anajikuna, anacheka kwa mdomo wazi, anabeba upanga mrefu kuliko wa mtu yeyote, anatukana, analewa. Nusu saa ya kwanza unaweza ukasema huyu anaharibu filamu. Anatoa karatasi ya ukoo kuthibitisha kwamba kazaliwa kwenye familia ya mashujaa, wanaisoma, mtu aliyeandikwa pale anatakiwa kuwa na umri wa miaka 13, wanamcheka mpaka basi. Halafu taratibu unaanza kuelewa. Yeye ni mtoto wa mkulima. Anajifanya. Ule upanga mrefu, zile kelele, ile mikogo yote ni ya mtu anayeogopa asijulikane alikotoka. Kuna mahali wenzie wanawachukia wakulima kwa uongo na uoga wao, na yeye analipuka, anawaambia ndiyo, ni waongo, ni wachoyo, wanaficha nafaka, lakini nani kawafanya hivyo, ni nyinyi, mnachoma vijiji vyao mnachukua wanawake wao. Anafoka mpaka sauti inakatika, na wale mashujaa wanainamisha macho. Mkuu wao, ambaye anachezwa na Takashi Shimura, anamuuliza kwa upole tu, wewe ni mtoto wa mkulima sio? Na yule mpiga kelele anakosa la kusema, anatoka nje.

Baadae kinu kinachomwa moto, mama anatoka kajeruhiwa anamkabidhi mtoto mchanga halafu anakufa. Mifune kasimama ndani ya maji kamshika yule mtoto analia, anasema huyu ni mimi, mimi pia ilinitokea hivi hivi. Jamani. Kama angekuwa ametulia tangu mwanzo hiyo sini isingekuwa na pa kutokea. Na kama Shimura asingekuwa mtulivu, zile kelele zisingekuwa na pa kugonga. Filamu moja, mmoja anafoka, mwenzie anasugua tu kichwa chake kilichonyolewa anawaza, wote wako sahihi kwa sababu kila mmoja kajua anacheza nani na anaongea na nani.

Forest Whitaker namtaja kwa kifupi, 2006 alimcheza Idi Amin, akapata Oscar mwaka uliofuata, na wazee hapa mnaokumbuka vita ile mnajua Amin hawezi kuchezwa kwa kunong'ona. Muangalieni anavyocheka na watu halafu cheko likakatika ghafla, chumba kizima kinasubiri. Na Mzee Majuto wetu, marehemu Amri Athumani, mtu wa Tanga aliyetutoka Agosti 2018, mwili mzima ulikuwa unaigiza, sura, mikono, mgongo, lakini muwekeni kwenye simu mkate sauti, mtaona macho yake hayamtoki yule anayecheza nae. Anamsikiliza ndo anajibu. Vijana wengi waliomuiga walichukua sura zake wakaacha masikio yake.

Sasa kwanini sisi tunafoka ovyo? Siwalaumu waigizaji peke yao na hili naomba maprodyuza waliopo wanisikie. Sababu ya kwanza ni maiki. Tunashuti kwa sauti ya kamera yenyewe, kamera iko mita nne, nje kuna bodaboda, jirani anasaga mahindi, jenereta linaunguruma, na dairekta anapiga kelele mama ongea kwa sauti haisikiki! Unategemea nini hapo. Fizikia ni rahisi, ukiongeza umbali wa maiki mara mbili nguvu ya sauti inayofika inabaki robo. Kwahiyo mwigizaji anageuka kuwa kipaza sauti, na mtu hawezi kukwambia nakupenda akiwa kipaza sauti. Dawa yake haihitaji hela nyingi, chukua simu ya pili, weka irekodi, ifiche mfukoni mwa shati au nyuma ya chombo cha maua karibu na mdomo wa anayeongea, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti ili edita apate pa kuoanisha sauti na picha. Basi. Hilo tu litatupa waigizaji wapya kumi ambao leo tunasema hawajui.

Sababu nyingine ni tulikojifunzia. Wengi wetu tumetoka jukwaani, shuleni, kanisani, kwenye ngoma na maigizo ya uwanjani, ambako mtu wa mwisho amekaa chini ya mwembe mbali kule na anatakiwa asikie. Ule ufundi ni wa heshima na msiutupe, ila kamera inaweza kukusogelea mpaka kope moja ikatosha. Na siku hizi mtazamaji anaangalia kwenye simu, wanasema skrini ndogo ndo maana tunazidisha ili tuonekane, lakini huyo huyo kaweka ear phone masikioni, sauti yako iko ndani ya kichwa chake, anasikia mpaka pumzi. Halafu kuna vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani. Tumekua tukiangalia muvi za nje zimetafsiriwa na wakina Lufufu, sauti moja inawabeba wote, jambazi, bibi, mtoto, na ile sauti ilikuwa moto mwanzo mwisho na tuliipenda, mimi pia naipenda mpaka leo, ule ni usimuliaji wa hali ya juu. Lakini msimuliaji anaongea na sisi. Mwigizaji akijichukulia ile kazi anakuwa anatusimulia hasira badala ya kumkasirikia mtu.

Na ratiba. Muvi nzima inashutiwa siku chache, skripti umepewa asubuhi, hujui baba yako kwenye hadithi anaitwa nani, unaambiwa lia. Utalia vipi? Utalia kilio cha wote, kile kile cha simu kuanguka. Maprodyuza, wapeni skripti wiki moja kabla, nawaomba sana, hakuna gharama kwenye hilo.

Nigeuke upande wa pili maana naona wanaopenda utulivu wanatabasamu. Na nyie pia! Kuna ukimya ambao ni maonyesho matupu. Kijana anasimama dirishani anaangalia mbali, kamera inamzunguka, muziki wa piano, hana anachokiwaza hata kimoja. Huyo hana tofauti na yule anayejigaragaza, wote wanaigiza kwa ajili yetu, yeye kachagua tu njia isiyochosha koo. Na kuna uoga mwingine mbaya, wa kudhani kelele ni ushamba na kutulia ndo usomi, mnaona aibu kulia kama shangazi zenu wanavyolia. Mkiwa na aibu hiyo hamtaweza kuwacheza watu wa hapa kabisa.

Mwalimu Nyerere alisoma hapa Tabora, na alivyotoka Makerere akarudi kufundisha hapa hapa, St. Mary's. Baadae, akiwa tayari kiongozi wa nchi, alikaa akatafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari, ikatoka 1963. Isomeni, mtafute ile hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya rafiki yake Kaizari aliyeuawa. Hakuna hotuba kubwa kuliko ile kwa mwigizaji, mwisho wake raia wanakimbia kwenda kuchoma moto nyumba za waliomuua Kaizari. Lakini muone anavyoanza, anaanza chini kabisa, nimekuja kumzika Kaizari sikuja kumsifu, na kila akisema kitu anawaangalia watu. Halafu katikati anasimama, anasema moyo wangu uko jenezani pamoja nae, ngoja kidogo mpaka unirudie. Na wakati kanyamaza ndo raia wanaanza kuongea wao kwa wao, huyu anasema kweli, macho yake mekundu. Yeye anawasikia! Anajua sasa wamefika wapi ndo anapanda tena. Ukianzia juu kabisa ya mwembe huna pa kupanda, utashuka tu. Antonio kaanzia kwenye shina, na kila tawi kapewa na wale watu waliosimama mbele yake.

Kwahiyo tunarudi kwenye sini yetu ya kiwanja. Dada yangu, sijasema kelele zako zife, nazitaka. Ila uliingia tayari unalia, kabla mwanao hajafungua mdomo. Wewe kijana unayecheza mtoto, ulikuwa umesimama unasubiri zamu yako ya kuongea, mama yako anajipiga kifua na wewe uso haujahama, na hilo ni kosa kubwa kuliko la mama. Jumamosi ijayo tunaifanya hivi. Mama unaingia unataka kitu kimoja tu, karatasi ya kiwanja, unaitaka mkononi. Unaiomba kwa upole kama unaomba chai. Kijana huna hiyo karatasi na hutaki ajue, mpe sababu, mwongopee, mcheke, mwambie mama umezeeka. Mama, sauti isipande mpaka yeye akupandishe. Ikifika siku akakupandisha mpaka bati likatikisika, mimi nitakuwa wa kwanza kusema weka hiyo hiyo shoti.

Wengine wote mtakaa pembeni, hamuangalii anayeongea, mnamuangalia anayesikiliza. Mwenye simu ya pili aje nayo imejaa chaji, na aliye karibu na yule jirani wa mashine akamuombe kwa adabu atusagie mchana. Tunaanza saa tatu. Sasa maswali, nilimuona mzee pale nyuma alinyoosha mkono mapema, karibu baba.